Daftari la Jua Libaki Tabora

Kiangazi kimeingia katika mikoa yetu ya magharibi. Mawingu yametawanyika juu ya Unyanyembe, tumbaku imekwisha kukaushwa, na kuanzia sasa hadi mvua zitakaporejea karibu na Novemba, mtu aliyesimama katika uwanja wowote wa Tabora ataliona jua tangu linapochomoza hadi linapokuchwa, siku baada ya siku, bila ya kuzuiwa na kitu isipokuwa moshi wa mioto ya misituni. Wako watu katika nchi za kaskazini ya dunia ambao wangetoa fedha nyingi ili wapate anga kama hii kwa mwezi mmoja tu. Sisi twapewa bure kwa karibu nusu mwaka, na matumizi yetu makubwa ni kuanikia mihogo na michembe. Hatuidharau michembe, maana imewavusha wazee wetu katika miaka mingi ya njaa. Lakini iko kazi nyingine ambayo jua hili laweza kufanyiwa, nayo haihitaji mtaji mkubwa wala kibali cha mtu: ni kulitazama kwa njia ya salama, kuhesabu madoa yaliyo usoni pake, kuandika hesabu hiyo daftarini, na kuipeleka kwa wale wanaoikusanya.

Uso wa jua hauko safi kama tunavyodhani. Mara nyingi huwa na madoa meusi, moja moja au makundi kwa makundi, na baadhi yake huwa makubwa kuliko dunia yetu nzima. Doa si tundu wala si moshi. Ni mahali ambapo nguvu za sumaku zimejikusanya zikazuia joto lisipande kutoka chini. Basi joto la hapo huwa kama nyuzi 3,500 za Selsiasi ilhali uso ulio kandokando una nyuzi 5,500, na kwa kulinganishwa na jirani zake mahali hapo huonekana peusi. Idadi ya madoa hupanda na kushuka kwa vipindi vya miaka 11 hivi. Kipindi tulicho nacho, kinachohesabiwa kuwa cha 25 tangu katikati ya karne ya 18, kilianza Desemba 2019, kikafika kileleni mwaka 2024, na sasa kinateremka.

Mtu aliyeligundua jambo hili hakuwa profesa. Heinrich Schwabe alikuwa muuza dawa katika mji wa Dessau, Ujerumani. Alianza kuliangalia jua mwaka 1826 akitafuta kitu kingine kabisa, yaani sayari iliyodhaniwa kuwa karibu na jua kuliko Utaridi, ambayo alitumaini kuiona ikipita kama nukta nyeusi. Ili asije akachanganya nukta hiyo na madoa, ilimlazimu ayaandike madoa yote ya kila siku. Sayari hakuipata, kwa kuwa haikuwapo. Lakini baada ya miaka 17 hivi ya kuandika, daftari lake lilimwonyesha kwamba madoa huja na kwenda kwa utaratibu, akautangaza. Mswisi Rudolf Wolf aliposoma habari hizo aliitungia kazi hii kanuni ambayo ingali inatumika: hesabu makundi, zidisha kwa 10, ongeza idadi ya madoa yote moja moja. Siku yenye makundi 3 na madoa 14 hupewa namba 44. Mwanafunzi wa darasa la tano aweza kuifanya hesabu hiyo bila ya msaada wa mwalimu.

Hata hivyo Wolf alijua kwamba macho hayalingani, na darubini hazilingani. Mmoja ataona madoa 14 pale ambapo mwenzake aona 9. Kwa hiyo kila mwangalizi hupewa kizidisho chake mwenyewe, kinachopatikana kwa kulinganisha hesabu zake za siku nyingi na za kituo kinachotegemewa. Jambo hili twaomba msomaji alishike, kwa sababu tutalirudia. Maana yake ni kwamba mwangalizi mwenye darubini hafifu hakataliwi. Anayekuwa hana faida ni yule abadiliye darubini kila mwezi, au ahesabuye wiki hii akaacha wiki tatu, kwa kuwa kizidisho chake hakiwezi kujulikana.

Kazi ya kukusanya hesabu hizi ilifanywa Zürich hadi mwisho wa mwaka 1980. Tangu 1981 hufanywa katika kituo cha kifalme cha elimu ya nyota mjini Brussels, Ubelgiji, kinachopokea taarifa kutoka kwa waangalizi wa nchi nyingi. Chama cha Marekani cha waangalizi wa nyota zinazobadilika mwanga, kilichoundwa mwaka 1911, nacho kina idara ya jua tangu 1944, na hupokea hesabu za mtu yeyote kutoka taifa lolote. Katika mabukta yote hayo, sehemu kubwa ya waangalizi ni watu wa ridhaa, kama tusemavyo kwa wachezaji wa mpira: waalimu, mafundi, wastaafu, watu wenye kazi nyingine ya kuwapatia mkate, ambao kila asubuhi hutenga robo saa kwa ajili ya jua.

Tungependa kumtaja mmoja wao kwa urefu, kwa kuwa mfano wake watufaa kuliko wa maprofesa. Hisako Koyama alizaliwa Tokyo mwaka 1916. Hakuwa na shahada ya elimu ya nyota. Mwaka 1944, nchi yake ikiwa katikati ya vita, alichora picha ya doa la jua aliloliona kwa darubini ndogo ya nyumbani, akaipeleka kwa mtaalamu aliyekuwa akiongoza chama cha wapenda nyota. Mtaalamu akamjibu kwa kumtia moyo. Bibi Koyama hakuacha tena. Baada ya vita alipata kazi katika jumba la makumbusho ya sayansi la Tokyo, na kwa darubini ile ile ya jumba hilo akachora uso wa jua kwa takriban miaka 40, michoro inayopita 10,000. Wataalamu walipokaa miaka ya karibuni kuzisahihisha hesabu za madoa za karne nne, wakiunganisha za waangalizi wengi waliotofautiana, orodha ya mwanamke huyu ilikuwa mojawapo ya mihimili iliyotumiwa kuungia vipande. Sifa yake kubwa ilikuwa moja: mtu mmoja, chombo kimoja, muda mrefu.

Sasa na turudi nyumbani. Huenda msomaji akauliza madoa ya jua yahusiana nini na sisi wa njia ya misafara. Sisi twaona yahusiana sana, kwa kuwa njia hii ilipimwa kwa jua na nyota kabla ya kupimwa kwa kitu kingine chochote.

Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora hii, mwezi wa Novemba 1857, saa zao za kupimia longitudo zilikuwa zimekwisha kuharibika njiani. Ili kuhesabu sekunde wakati wa kupima umbali wa mwezi na jua au nyota, iliwabidi watundike risasi kwenye uzi, iwe inabembea. Jua la mchana la kwetu nalo liliwapa taabu yake. Katika miezi hiyo hukaa karibu na utosi, na msafiri wa bara asiye na upeo wa bahari, anayelipima jua kwa kulitazama katika kioo cha zebaki kilicholazwa chini, hushindwa pembe inapokuwa kubwa mno. Kwa hiyo latitudo nyingi za njia hii zilitafutwa usiku kwa nyota. Livingstone alifika Kwihara pamoja na Stanley Februari 1872, akakaa katika tembe lile ambalo hata leo wageni huenda kulitazama, hadi Agosti 25 mwaka huo, akingoja wapagazi. Naye katika safari zake zote alikuwa mwandishi wa daftari asiyechoka, wa nyota, wa mvua na wa joto.

Nani waliovibeba vyombo hivyo? Tunawajua. Sidi Mubarak Bombay alisafiri na Speke, kisha na Stanley, kisha na Cameron, akaiona bara hii kwa miguu kuliko Mzungu yeyote aliyemwajiri. Livingstone alipofariki Mei 1873 katika nchi ya Chitambo, Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake pamoja na madaftari yake na vyombo vyake. Mwezi wa Oktoba walifika Kwihara, wakamkuta Luteni Cameron. Yeye alivichukua vyombo vingi vya marehemu kwa ajili ya safari yake mwenyewe, akaenda navyo Tanganyika. Maiti na madaftari yakaendelea hadi pwani na Uingereza.

Wasomaji wengi husimuliwa habari hii kama kisa cha uaminifu, na kweli ni kisa cha uaminifu. Sisi leo twaitazama kwa upande mwingine. Chombo kikitengana na daftari lake, hesabu zilizoandikwa kwa chombo hicho hupungukiwa thamani, kwa sababu hakuna tena awezaye kukipima aone kilikuwa kikikosea kiasi gani. Ni jambo lile lile la kizidisho cha Wolf. Na katika Kwihara hiyo hiyo, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka mjini, mambo yote matatu yalitengana mwaka 1873: waliojua kubeba walikwenda pwani kisha wakatawanyika, vyombo vilikwenda ziwani, madaftari yalikwenda Ulaya. Tabora ilibaki na jina lake katika ramani. Mambo kama hayo yalitokea kwa miaka mingi. Anga yetu ilipimwa na wapita njia, na kila mpita njia aliondoka na kitabu chake mkobani.

Hatusemi haya kwa uchungu. Tunayasema kwa sababu gharama ya kubadilisha desturi hiyo sasa ni ndogo kupita kiasi. Darubini yenye kioo cha upana wa sentimita 6, ubao, kadi nyeupe, penseli, rula na daftari lenye jalada gumu: vitu hivyo vyote viwekwe shuleni, na kadi ifungwe nyuma ya darubini ili jua lijichore lenyewe juu yake. Watoto watazame kadi wala wasitazame jua. Wachore duara la sentimita 15, waweke alama mahali palipo na madoa, wahesabu, waandike saa na hali ya hewa. Kazi ifanyike kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, kabla ardhi haijapata moto na kuitikisa hewa. Nakala ipelekwe Brussels au Marekani, ambako leo ujumbe hufika kwa dakika moja. Daftari lenyewe, pamoja na darubini yenyewe, vibaki Tabora.

Hapa twataka kueleza kwa nini jambo hili si la fahari tu. Tangu miaka hii ya karibuni, bomba la maji ya Ziwa Victoria limefika Tabora, Nzega na Igunga. Yaani kina cha ziwa lile, ambalo babu zetu walilisikia kwa wapagazi wa Karagwe na Usukuma, sasa ni habari ya mitungi yetu wenyewe. Na katika historia ya ziwa hilo kiko kisa cha madoa ya jua ambacho kila mwalimu wa jiografia angefaa kukijua.

Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alichapisha uchunguzi juu ya vina vya maziwa ya Victoria na Albert. Alilinganisha kina cha ziwa na idadi ya madoa ya jua, akakuta vimekwenda pamoja kwa namna ya kustaajabisha. Jua lilipojaa madoa karibu na 1906, ziwa lilijaa. Madoa yalipopungua, ziwa lilishuka. Jua lilipojaa tena 1917, ziwa nalo likajaa tena. Mtu yeyote angeshawishika. Palikuwa na matumaini ya kwamba mtu akijua miaka ya jua atajua miaka ya maji, na hivyo ya mavuno, ya samaki, ya gati na ya mashamba ya kandokando.

Kisha, mnamo mwisho wa miaka ya 1920, uhusiano ule ukakatika. Ziwa likaenda njia yake na jua likaenda njia yake. Pigo lenyewe hasa likaja kati ya 1961 na 1964, ziwa lilipopanda kwa zaidi ya mita mbili, likameza gati na vijiji, kupanda ambako hakukuwa kumeonekana tangu vipimo vianze. Wakati huo huo madoa ya jua yalikuwa yakitoweka: kilele kilikuwa kimepita tangu 1958, na jua lilikuwa likiteremka kuelekea utulivu wa 1964. Mvua zile zilitokana na mabadiliko ya joto la Bahari ya Hindi. Mei 2020 ziwa likapanda tena hadi kukipita kina cha 1964, miezi michache tu baada ya jua kuwa katika utulivu wake mkubwa. Mwaka 2024 likapanda zaidi, na safari hii jua lilikuwa kileleni. Mtu atoe fundisho gani katika hayo?

Wako wataalamu ambao hawajalifunga jalada. Mwaka 2007 Curt Stager na wenzake walichapisha hoja kwamba katika karne ya 20 mvua nyingi za Afrika Mashariki zilielekea kuja mwaka mmoja hivi kabla ya kilele cha madoa. Wengine hawakubali. Sisi si waamuzi wa shauri hilo. Tunachokiona ni kwamba Brooks alikuwa na miaka kama 20 ya vipimo, vipindi viwili vya jua tu, na miaka 20 ilitosha kumdanganya mtu makini. Kama vipimo vya ziwa vingesimama mwaka 1925, mpaka leo tungekuwa tunafundishana kwamba jua ndilo lijazalo Nyanza, na pengine tungepanga pampu na mabomba kwa kufuata madoa. Waliotuokoa na kosa hilo ni watu wasio na majina, makarani wa Jinja, Entebbe na Kisumu, walioendelea kusoma ubao wa kina cha maji kila siku hata baada ya nadharia nzuri kuvunjika, na waangalizi walioendelea kuhesabu madoa bila ya kujali kama yanalingana na ziwa au hayalingani.

Habari kama hii haina budi kupingana na nyingine ambayo sote twaisikia. Kila mvua zinapochelewa, hakosekani mtu wa kusema kwamba jua limebadilika. Kila joto linapozidi, simu huleta picha ya jua linalowaka na maneno ya kutisha yasiyo na mwandishi. Ukiwa huna daftari, hujui la kujibu. Na lugha yetu yenyewe yazidisha mchafuko, kwa kuwa watu wengi husema “mnajimu” wakimaanisha yule apigaye ramli kwa nyota na yule azipimaye nyota, kana kwamba ni mtu mmoja. Mwangalizi wa madoa hatabiri ndoa ya mtu wala safari yake. Hata mvua hatabiri. Huandika aliyoyaona saa mbili na nusu asubuhi, basi.

Si kwamba madoa hayana athari zinazojulikana. Wazee wa vijiji vya Urambo na Sikonge watakumbuka siku za redio ya masafa mafupi, jinsi ambavyo adhuhuri moja kituo kingeweza kuzama kwa nusu saa kisha kikarudi, betri zikalaumiwa bure. Mlipuko wa jua, ambao aghalabu huzuka mahali penye madoa mengi, huweza kufanya hivyo kwa nusu nzima ya dunia iliyo mchana. Machi 1989 dhoruba ya jua ilizima umeme wa jimbo la Quebec, Kanada, watu milioni 6 wakakaa gizani kwa saa kadhaa. Mei 2024 dhoruba iliyokuwa kubwa kupita zote za miaka 20 ilivuruga vipimo vya setelaiti, hata matrekta ya Marekani yajiongozayo kwa vipimo hivyo yakasimama katika msimu wa kupanda. Mikoa iliyo karibu na Ikweta, kama huu wetu, ina taabu ya ziada: katika miaka ya madoa mengi, mawimbi ya setelaiti huyumba baada ya jua kutua. Wapima viwanja na wajenzi wa reli wangefaidika kulijua hilo.

Tunajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa kwamba setelaiti zinalipiga picha jua kila sekunde chache; mtoto wa Milambo na penseli yake ataongeza nini? Hoja hii ina uzito na hatutaki kuikwepa. Ni kweli kwamba kwa kuonya juu ya dhoruba ya kesho, penseli haina kazi. Lakini setelaiti ya jua huishi miaka 10 au 20, ikafa, ikaja nyingine yenye macho mengine. Hesabu za madoa zimeanza tangu darubini ilipobuniwa, mwaka 1610 hivi, na zote hadi juzi zilifanywa kwa jicho na mkono. Ili hesabu ya leo iweze kulinganishwa na ile ya Schwabe, hapana budi kuwe na watu wanaoendelea kuhesabu kama alivyohesabu Schwabe. Na watu hao wakiwa wote katika Ulaya na Marekani, mawingu ya Desemba huwafunika pamoja. Hatusemi kwamba Brussels itaanguka bila ya Tabora. Twasema Tabora itapata kitu ambacho setelaiti haiwezi kuipa, nacho ni vijana watakaokuwa wameshika rekodi ndefu kwa mikono yao wenyewe na kujua jinsi inavyotengenezwa na inavyoharibika.

Jambo la macho halina mzaha. Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa kwa namna ya pete, umati ulikusanyika Rujewa, wilaya ya Mbarali, ambako pete ilionekana kwa karibu dakika tatu. Dakta Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria na wenzake walikuwa wamefanya kazi kubwa ya kuwafundisha wananchi namna ya kutazama bila ya kujidhuru. Kwetu Tabora jua lilimegwa sehemu kubwa. Filamu za eksirei, miwani ya jua, kioo kilichofukizwa moshi wa kibatari na maji ya beseni haviufai mchezo huo. Kioo cha mchomea vyuma chafaa kikiwa namba 14 tu, na kwa darubini hakifai kabisa. Hata wakati wa Agosti, jua linapotua jekundu katika moshi wa misitu, na mtu akajiona aweza kulikazia macho, asifanye hivyo. Njia ya kadi haina hatari hizo, mradi mwalimu asiondoke kando ya darubini hata dakika moja, maana daima yuko mtoto mmoja atakayetaka kuchungulia.

Siku ile ya Rujewa, kwa bahati, ilikuwa ni siku na mwezi ule ule ambao mwaka 1859 Waingereza wawili wa ridhaa, Carrington na Hodgson, kila mmoja peke yake, waliona mlipuko wa jua ambao haukuwa umepata kuonekana na mtu kabla yao. Carrington alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha bia, na alikuwa akichora madoa juu ya kioo kilichopakwa rangi, kama alivyofanya siku nyingine zote. Asingekuwa akichora siku zile nyingine zote, asingekuwapo siku hiyo.

Wasiwasi wetu mkubwa ni huo. Sisi ni hodari wa siku moja. Pete ya jua itapita tena katika ardhi ya Tanzania Mei 21, 2031, na hatuna shaka kwamba mabasi yatajaa na hotuba zitatolewa. Miaka iliyo kati ya sasa na siku hiyo ndiyo miaka ya jua kuteremka. Madoa yatazidi kupungua, na zitakuja wiki nzima ambazo kadi itakuwa nyeupe tupu. Mwanafunzi atachoka. Atasema hakuna la kuandika. Hapo ndipo mwalimu atakapohitajika, amfundishe tofauti ya sifuri na mstari mtupu. Sifuri maana yake mtu alitazama, asione doa. Mstari mtupu maana yake hakuna aliyetazama. Katika daftari la jua sifuri ni taarifa kamili kama 44, na pengo si taarifa. Daftari lenye mapengo ya likizo, ya mitihani na ya uhamisho wa mwalimu litakuwa na thamani ndogo, na kwa hiyo twashauri kazi hii isikabidhiwe shule moja. Tabora Wavulana, Tabora Wasichana na Milambo ziko karibu kiasi cha kupokezana likizo zinapoingia, mradi darubini iwe moja na isihamehame.

Twashauri pia kwamba kazi ianze kwa kijiti kabla ya darubini. Saa za nchi yetu hupimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita mbali baharini. Kwa hiyo jua hufika kilele chake hapa Tabora, kwa wastani, dakika 49 baada ya saa sita ya mchana. Watoto wakichomeka kijiti wima na kuandika saa ya kivuli kifupi kuliko vyote, watailipata longitudo ya mji wao kwa mikono yao, bila ya risasi ya kubembea. Na karibu na Oktoba 6, wakati jua linapopita utosini, kivuli hicho kitapotea chini ya kijiti. Hiyo ingekuwa siku nzuri ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Gazeti hili, kwa upande wake, litatenga mistari michache kila mwezi chini ya bei za mazao kwa ajili ya hesabu za madoa zitakazoletwa na shule itakayoanza: idadi ya siku zilizotazamwa, wastani wa namba, na jina la darasa lililoshika zamu. Mwezi ambao wastani wake ni sifuri tutauchapisha vilevile.